Joka Akabidhiwa Sura ya Mwisho

Saa tatu asubuhi mwandishi aliingia ofisini kwa mpelelezi bila kubisha, rozari mkononi, na tabasamu la mtu aliyetoka kuungama. Mpelelezi, ambaye alikuwa joka, hakuwaamini watu wanaotubu kabla ya kukosa.

Mwandishi huyo ndiye aliyezigeuza kesi zake kuwa riwaya, na riwaya ndizo zilizomletea wateja.

"Nina habari njema. Wachapishaji wa Kanisa wamekikubali kitabu," alisema. "Ila mwishoni malaika anakuua."

"Kwa kosa gani?"

"Wewe ni joka, mzee. Soma Ufunuo."

"Nimeusoma. Hakuna shahidi hata mmoja aliyehojiwa."

"Ni hadithi tu."

"Nikifa hadithini, bibi, nani ataniletea kesi? Wataniletea mashada ya maua."

"Basi kachome matofali. Mwenye moto hakosi kibarua."

Moshi mwembamba ulimtoka joka puani.

Mwandishi akafanya kama alivyofanya kwa kila kitabu: akamkabidhi mswada, akague ushahidi kabla haujapelekwa kuchapwa. Aliandika kwa mkono, na nakala ilikuwa hiyo hiyo moja.

Joka alizifunua kurasa taratibu kwa ncha ya ukucha, asichane hata moja, mpaka akafika pale mkuki unapomwingia kooni.

"Umeona kosa?" mwandishi aliuliza.

"Moja tu. Umeandika hapa kwamba moto wangu ulikuwa umezimika."

Akavuta pumzi.