Paleti ya Kikao

Kibati cha kwanza cha rangi alikikandamiza mno, rangi ikawa jiwe. Alipopitisha brashi juu yake, brashi ilitoka kavu, haina hata chembe. Mpambaji alitukana kwa sauti, akaichimbua ile rangi kwa ncha ya kisu na kuirudisha kwenye kibakuli, akaanza kuisaga upya.

Kazi hii haitaki hasira, na siku hiyo alikuwa nazo za kugawia mtaa mzima. Unga wa rangi za kope unautia matone mawili ya mafuta, unaongeza spiriti kidogo kidogo mpaka uwe kama uji mzito, unaumimina kwenye kibati, unakigongagonga mezani mapovu yatoke. Ukianza kukauka unaufunika kwa kitambaa na kuukandamiza kwa sarafu, taratibu. Yeye alikuwa anakandamiza kana kwamba chini ya ile sarafu kuna shingo ya shemeji yake.

Mdogo wake alikuwa amekaa kitandani, mtandio umemfunika uso likabaki jicho moja, kama alivyozoea tangu aolewe na mwanamume yule. Saa nane mchana alitakiwa mbele ya kikao cha ukoo. Kikao ndicho kingeamua kama atarudi kwa mumewe, au atabaki hapa kwa dada yake pamoja na binti yake wa miaka miwili, ambaye alikuwa amelala fofofo nyuma ya mgongo wake.

"Si ungechukua tu zile za maharusi?" mdogo mtu aliuliza. "Ziko tayari."

"Zile zinang'aa. Mimi nataka zisizong'aa hata kidogo."

"Na kuzikandamiza je? Unga wenyewe si unatosha?"

"Hii utakaa nayo mkobani. Unga ukimwagika humo utanifuata wapi? Wakikuweka masaa matatu na joto hili, unaomba ruhusa, unakwenda chooni, unajipaka tena palipofutika. Nitakuonyesha."

Alipanga vibati vinne kwenye paleti, kijisanduku chembamba cha kubebea rangi: zambarau, kijani iliyochujuka, njano ya haradali, na kahawia. Mpambaji yeyote anajua kwamba njano ikipakwa juu ya zambarau huiua, na kijani huua wekundu. Mara tatu mwaka huo alikuwa amezitumia hizo mbili kwenye uso wa mdogo wake: harusi ya binamu yao, msiba wa shangazi, na siku ile ya kupiga picha ya familia. Picha yenyewe bado imetundikwa sebuleni kwa baba mkubwa, shemeji yuko katikati, meno yote nje. Mpambaji akiikumbuka hujichukia. Ni mikono yake iliyomfichia siri yule mwanamume, tena kwa ufundi, mpaka watu wakawa wanamwambia mdogo wake kwamba ndoa imemkubali.

Simu iliita. Alikuwa baba mkubwa, mwenyekiti wa kikao. Mpambaji aliiweka kwenye spika, akaendelea kukandamiza.

"Msichelewe," mzee alisema. "Mwenzenu ameshafika na wazazi wake."

"Ameshafika leo! Wiki tatu mnatupiga danadana, baba. Jumapili ya kwanza kasafiri, ya pili anaumwa tumbo. Mnamsubiri kama bwana harusi."

"Punguza ukali, mwanangu. Mimi siendeshi kikao kwa maneno ya watu. Naamua kwa ninachokiona kwa macho yangu."

"Sawa, baba."

"Na huyo mdogo wako mlete amependeza. Si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu, baba."

Alikata simu. Ilibidi aweke sarafu chini na kusimama dirishani kidogo, maana kibati cha njano kilikuwa kinataka kuwa jiwe nacho.

"Baba mkubwa anamjua vizuri mume wangu," mdogo mtu alisema. "Kila kitu anakijua."

"Anakijua. Anajifanya hamnazo."

Alirudi mezani. Akafunika njano kwa tishu, akaikandamiza mara ya mwisho, safari hii kwa kidole tu, na tishu ikanyonya unyevu uliobaki. Alipojaribu kwa brashi, rangi ilipanda bila kumwagika. Akajaribu zote nne nyuma ya mkono wake, akazichanganya kwa ncha ya kidole, akaangalia kwa muda mrefu.

"Dada, wakigundua je?"

"Nani agundue? Mara tatu nimekupaka, wamekaa nawe, wamekula nawe, hakuna aliyeona kitu. Leo ndiyo watakuwa wataalamu wa vipodozi?"

"Naona kama tunawadanganya."

Mpambaji aliibana paleti mkononi mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Kudanganya nilidanganya kule harusini," alisema. "Leo sidanganyi mtu. Jikaze. Njoo hapa."

Alivuta kiti mpaka penye mwanga wa dirisha. Mdogo wake alimfunika mtoto vizuri, akaja, akaketi, akavua mtandio. Uso wake ulikuwa laini, umetulia, hauna alama hata moja. Wiki tatu za kuahirisha kikao zilikuwa zimetosha kuuponya wote.

Mpambaji alichovya brashi kwenye zambarau.

"Alama ilikuwa inaanzia hapa," mdogo wake alisema, akigusa chini ya jicho la kushoto, "ikashuka mpaka kwenye taya."