Kufuli la Kisimani

Bwana afya Makame alifika kisimani na kufuli mkononi, akawakuta kinamama wakichota maji. Maji yalikuwa yamepimwa na kukutwa na vijidudu. Zamani angekifunga kifuniko akaenda zake, maana sheria haikumtaka aulize neno. Sheria hii mpya ilimtaka aulize kwanza.

"Nikifunga hapa, mtachota wapi?"

Bi Hidaya alikuwa akihangaika na ndoo ya plastiki iliyoelea tu, haitaki kuzama. Hata hakugeuka. "Bondeni, mwanangu, wanakokojoa ng'ombe. Kwani kuna kwingine?"

Makame akatazama bondeni, akakitazama kisima. "Basi hakifungwi. Kesho naleta dawa ya maji. Leo mchemshe mpaka yatokote, na mtu asiniletee habari za kukosa kuni."

"Kuchemsha tutachemsha," alisema Bi Hidaya, sasa akitabasamu. "Na hilo kufuli unarudi nalo?"

Makame akaivuta ndoo juu, akalisuuza kufuli vizuri, akalipitisha kwenye tundu la mkono wa ndoo, upande mmoja, akalibana. Ndoo ikashuka, ikagusa maji, ikainama yenyewe upande wa kufuli, ikajaa, na kamba ikaanza kukazika mikononi mwa Bi Hidaya.