Kamba ya Kiatu

Kabla ya kila mechi ya magongo ya barafuni, Sudi, mfunga mabao mwembamba wa timu, hupiga magoti kumfunga Kitwana, mlinzi wake uwanjani, kamba za viatu. Vidole vya Kitwana havikunjiki vizuri tena. Viliumia kwenye taya za watu waliothubutu kumgusa Sudi.

"Kaza, bwana mdogo. Unafunga kiatu au unasuka nywele?"

"Tulia, jitu wewe."

Kocha akachungulia mlangoni. "Kitwana, beki wao mpya ameapa kumvunja Sudi. Mtwange mapema." Akaenda zake.

Mikono ya Sudi ikasita. "Daktari alisemaje kuhusu jicho lako?"

"Ngumi moja tu, linazima. Haya, kaza."

Sudi akaichomoa kamba, tundu baada ya tundu, akaizungushia kiganjani.

"Una wazimu? Yule atakuua!"

"Leo kaa, kaka."

Uwanjani mashabiki walikuwa wakiliimba jina la Kitwana. Sudi akachukua gongo lake, akaelekea kwenye zile kelele, ncha ya kamba ikining'inia kwenye ngumi yake. Nyuma yake Kitwana akainuka, mguu mmoja ndani ya kiatu kilichoachama, akashika ukuta.