Oili ya Kiangazi

Mashine ya kurusha theluji iligoma kuwaka, na barabarani, nyuma ya ukuta wa theluji ulioziba njia ya nyumbani na kumfika Waino kifuani, gari la binti yake lilikuwa linangoja na mjukuu ambaye hajawahi kumbeba.

Petroli haikuwa na kosa. Aliimwaga yote mwezi wa nne, na jana alijaza mpya. Kosa lilikuwa oili. Alipoihifadhi mashine aliimiminia oili iliyobaki ya mashine ya kukatia nyasi, nzito, ya kiangazi. Kwenye baridi hii ilikuwa imeganda kama asali. Alivuta kamba kwa mikono miwili. Ikatoka shubiri moja, ikakwama.

Simu ikalia.

"Baba, bado tu?"

"Nitaipasha moto. Nusu saa, mama."

"Nusu saa sina. Wanafunga barabara saa sita, nami silali njiani na mtoto wa miezi minne. Na usithubutu kushika koleo uchimbe theluji na nyonga hiyo mbovu!"

"Jirani angekuwepo..."

"Jirani yuko Florida anaota jua. Toka basi, umwone."

Waino akatoka kwenye banda la mashine. Juu ya ukuta wa theluji binti yake alinyanyua furushi la blanketi la manjano. Uso haukuonekana. Waino alipunga mkono mpaka gari likapotelea msituni.

Kamba aliivuta mara thelathini na nane. Binti aliendesha gari kwa muda wa saa tisa. Furushi lilikaa juu dakika moja, na watarudi baada ya miezi mitano, theluji ikiisha.