Saa ya Bi Shufaa

Haya alinisimulia mjukuu wangu Zuhura, Idi iliyopita, tukichambua mchele.

Fundi mmoja wa kompyuta, Tunu, aliandika programu ya kukumbusha dawa kwenye wodi ya watoto, akaandika na majaribio ya kuikagua. Yote yakawaka kijani, yaani yamefaulu. Usiku wa kwanza, saa mbili ikapita, kengele kimya.

"Mwanangu, mashine yako imelala kabla ya mgonjwa!" alisema muuguzi, Bi Shufaa. "Sefu ana degedege, nami niliiandikia saa mbili usiku."

Tunu akaifungua programu, akaliona kosa. Kwa mashine, mbili ya usiku ni saa nane yetu, na majaribio yake yalifuata saa hiyohiyo ya mashine.

Bi Shufaa alikwisha kumnywesha mtoto dawa. Tunu akaketi kando ya kitanda, akaandika jaribio jipya, akaliita Saa ya Bi Shufaa. Likawaka jekundu: safari hii kosa limenaswa. Wekundu ule wa skrini ukamulika shavu la Sefu, naye akapiga mwayo, akalala.