Nyani na Gauni la Harusi

Tundu lilikuwa na umbo kamili la pasi, tena mgongoni mwa gauni la harusi la mteja wa saa kumi.

"Naenda kunywa chai," Bosi alisema. "Nikimaliza nimjue aliyeliunguza. Asipojitokeza, Mama Mapacha anafungasha virago."

Mama Mapacha ndiye aliyekuwa mpiga pasi. Alikuwa ametoka mara moja tu kwenda msalani, akarudi akakuta moshi. Nani angemwamini? Pasi yake, meza yake.

Hapo ndipo Redio, fundi mkongwe kuliko cherehani zote mle ndani, alipoanza upuuzi wake.

"Kulikuwa na nyani mmoja mwenye kimbelembele," alisema bila kuinua macho kwenye mshono. "Akaingia kwa mafundi, akaona gauni jekundu."

"Jeupe!" mafundi wakadakia.

"Haya, jeupe. Limetundikwa dirishani."

"Mezani, bibi! Umezeeka vibaya wewe."

"Si mnisaidie basi, wanangu? Mezani. Nyani akashika mkasi."

"Pasi!"

Vicheko vikalipuka, cherehani zikanyamaza. Hata Bosi alisogea na kikombe chake, akaegemea mlango. Mama Mapacha alitamani kumziba Redio mdomo kwa kitambaa. Mtu anafukuzwa kazi, yeye anachekesha! Wale wanawe wawili kesho watakula nyani?

"Mwaonaje, nyani alitaka nini na pasi?"

"Kuota moto!"

"Kuolewa!" alisema mkata vitambaa, na wakaanza upya kushikana mbavu.

"Hapana. Alitaka kuwaonyesha wenye kazi yao jinsi ya kunyoosha mkunjo. Kumbe hajui lolote. Akaiweka pasi juu ya gauni, akasinzia papo hapo, anakoroma, udenda unamtoka mpaka kifuani."

"Hakusinzia," sauti ilitoka mlangoni.

"Alisinzia, mwanangu. Fofofo. Mpaka inzi wakamwingia mdomoni, na yeye akawatafuna humo humo usingizini, mmoja baada ya..."

"Nimesema hakusinzia!" Bosi alifoka, chai ikamruka shatini. "Alikwenda kupokea simu!"