Nyota za Babu

Pundamilia mkongwe hakuruhusu kundi lake lishuke mtoni mpaka nyota za Kilimia zifike juu ya jabali, kwa kuwa saa hiyo Simba huwa ameshakunywa na kuondoka. Sheria hiyo aliachiwa na babu yake.

Mwezi mzima ukapita salama. Usiku mmoja Kilimia kilipofika juu ya jabali, jirani yao Digidigi, mwenye wasiwasi wa kuzaliwa, akamsimamisha Pundamilia.

"Mzee, mwezi uliopita nyota zilipofika pale, kwale walikuwa wameshaanza kulia. Leo wamelala fofofo. Nahisi nyota zinawahi."

"Nyota ziwahi?" Pundamilia akacheka. "Wewe hata jani likianguka unakimbia. Babu yangu alizifuata nyota hizi mpaka siku yake ya mwisho."

Akatangulia kushuka. Digidigi akabaki juu, masikio wima, akiomba kwale walie. Hawakulia.

Simba alikuwa bado anakunywa. Akainua kichwa, wala hakushtuka.

"Nyota zenu huwahi kidogo kila usiku," alisema. "Mimi saa yangu haibadiliki. Babu yako naye alifika mapema hivi hivi."